Diski Kwenye Shingo ya Mpishi

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ambayo ni marufuku kuongea Kiswahili. Ukitaka kucheka, cheka tu. Hata mimi nilicheka siku nilipopewa barua ya kazi, kisha nikaisaini. Barua ilisema kila mtu aliye ndani ya ua wa shule, awe mwanafunzi, mwalimu au mfanyakazi, ataongea Kiingereza tangu lango linapofunguliwa asubuhi hadi linapofungwa, isipokuwa ndani ya kipindi changu. Dakika thelathini na tano nina ruhusa ya kutumia nilichosomea. Nikitoka mlangoni narudi kuwa Ticha Virginia wa kupigia watoto kelele kwa Kiingereza, wasikimbie, wasisukumane, wanyamaze.

Shule iko Jamhuri, nyuma kidogo ya Barabara ya Ngong. Ni ya kibinafsi na ni ndogo, na wazazi wanaipenda kwa sababu watoto wao wanamaliza wakiongea kama watangazaji wa televisheni. Sheria yetu inalindwa na kitu kinachoitwa diski. Ni kipande cha mbao, kikubwa kama kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba. Mtoto akisikika anaongea Kiswahili anavalishwa diski shingoni. Naye anatega masikio mpaka amsikie mwingine, amvalishe. Yule ambaye kengele ya saa kumi inamkuta nayo, mwalimu wa zamu anaandika jina lake kitabuni. Ukiandikwa mara tatu, Jumatatu unasimama mbele ya gwaride la asubuhi kuieleza shule nzima siku yako kwa Kiingereza: unaamka saa ngapi, unafanya nini, unalala saa ngapi. Sentensi kumi, zisipungue.

Anti Kaindi ndiye mpishi wetu. Ni mama wa miaka hamsini na kitu kutoka Mwingi, anaishi Dagoretti, na anawapikia watoto mia mbili na kumi kwa mikono miwili na sufuria tatu. Miaka tisa amefanya kazi hiyo kwa maneno machache mno ya Kiingereza: "rice," "beans," "more," "enough," "next." Ana ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kuuliza. Aliwahi kumwuliza mtu wa kuleta gesi kwa nini moto wake ni wa buluu na wa kuni ni mwekundu, yule bwana akasahau risiti zake akifikiria. Alimwuliza Lenox, mwalimu wetu wa Kiingereza, kama tai inazuia baridi.

Siku moja mwezi wa sita, saa nane mchana, watoto wakiwa madarasani, nilienda jikoni kuomba maji ya moto ya chai. Kule nyuma ya sufuria ndiko mahali pekee ambapo sheria haifiki, na sisi watu wazima huongea tunavyotaka, kwa sauti ya chini. Nilimkuta ameketi juu ya gunia la maharagwe, ameshika daftari jipya.

"Mwalimu, uko na dakika? Nataka unifundishe Kingereza."

"Kiingereza ni cha Mwalimu Lenox."

"Lenox anajua Kingereza, lakini nikimwuliza kitu ananijibu kama redio. Wewe uko na pande zote mbili."

Nilichukia, sitaficha. Miaka sita niko pale, hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba nimfundishe Kiswahili, na sasa hata mpishi, mtu niliyemhesabu upande wangu, alikuwa anataka kile cha wengine. Nikamwuliza kinamfaa nini, au anataka kuomba kazi ya ofisini huko Upper Hill? Hakucheka. Akafungua kabati la chini akanionyesha sahani ya plastiki ya kijani. Wali na maharagwe, havijaguswa.

"Hii ni ya yule mtoto wa gredi ya pili. Nisreen. Leo ni siku ya tisa. Mimi sijui kusoma watu, lakini sahani najua kusoma."

Nisreen nilimjua. Alikuja muhula wa pili ulipofunguliwa, kutoka Mombasa alikokuwa akilelewa na bibi yake. Mama yake, Mwanasha, ni karani katika hospitali moja ya mjini, na hatimaye alikuwa amepata nyumba na nafasi ya kuishi na mwanawe. Siku ya kwanza, kipindini kwangu, mtoto yule wa miaka saba alisimama akasema, "Samahani Mwalimu, naomba ruhusa nikanawe mikono." Nilitamani kumbeba juujuu nikamwonyeshe kila darasa. Lakini nje ya kipindi changu Kiswahili hichohicho kilimponza. Diski ilimkuta siku ya kwanza, ikamkuta ya pili, ikamkuta ya tatu. Jumatatu akasimamishwa mbele ya gwaride, na hakuwa na sentensi hata moja, achilia mbali kumi. Alisimama tu akishika pindo la sketi mpaka watoto wakaanza kucheka. Tangu hapo alifunga mdomo, hata kwangu. Na katika wale walioandika jina lake kitabuni, mmoja ni mimi.

Mambo yalikuwa yamefika mbali. Mwalimu mkuu wetu, Madam Rachael, alikuwa amemwita Mwanasha akamwambia kwamba mtoto asipoanza kuongea kufikia likizo fupi, itabidi arudishwe chekechea. Mwanasha akasema ikiwa ni hivyo, heri arudi kwa bibi yake Mombasa. Alikuwa ameshakata tiketi ya treni.

"Na dirishani nikigawa chakula siwezi kumwongelesha Kiswahili," Anti Kaindi akasema. "Atawekewa diski juu yangu. Kwa hivyo nipe maneno ya shule. Yote. Ya kutoka asubuhi mpaka jioni."

Tukaanza siku hiyohiyo. Nilidhani nitampa orodha akariri, kama tulivyokaririshwa sisi. Loo! Kila neno alilichunguza kama nyanya za soko la Kawangware. Nikimwambia asubuhi ni "morning," anauliza inaanza saa ngapi kwao na inaisha saa ngapi. Saa ndizo zilizomshangaza kuliko vyote. Anaamka saa kumi alfajiri, nikamwambia kwa Kiingereza aseme "four."

"Nne zilizohesabiwa kutoka wapi?"

"Kutoka usiku wa manane."

"Wakati wamelala?" Akaweka kalamu chini. "Mwalimu, nani anaanza kuhesabu siku akiwa amelala? Si ungoje jua itoke ndio useme moja?"

Nina diploma, na sikuwa nimewahi kujiuliza.

Kitabu cha Kiingereza cha gredi ya pili kina ukurasa unaoeleza siku ya mtoto kwa picha. Mtoto anaamka kitandani, anapiga mswaki, anaketi mezani kunywa chai, anapanda basi. Anti Kaindi aliutazama kwa muda, akapitisha kidole kwenye kila picha.

"Hapa amelala. Hapa amepiga mswaki. Hapa chai iko tayari. Nani amepika?"

"Haijasemwa."

"Aliyepika aliamka kabla ya hii picha ya kwanza," akasema. "Hebu tuandike yangu."

Basi tukaandika yake, sentensi moja kila mchana. Anaamka saa kumi. Anawasha moto. Anachagua maharagwe. Anawapikia watoto mia mbili na kumi. Anaosha sufuria. Anaenda nyumbani. Tulipomaliza tukagundua hatujaandika mahali popote kwamba yeye mwenyewe anakula, tukaongeza: "I eat at three."

Mchana wa saba au wa nane hivi akaniuliza kile alichokuja kutafuta. "Sasa nataka kumwuliza mtoto kwa nini hali."

Nikamwambia: "Why are you not eating?"

Akairudia, kisha akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya askari. Nipe ya mama."

Nikajaribu nyingine. Hiyo nayo akasema ni ya daktari. Jioni nikamwendea Lenox, naye akajikuna shingo akaniambia, "Eat your food." Hiyo hata sikuipeleka jikoni. Nilitembea hadi nyumbani nikiwaza jambo ambalo liliniudhi sana: Kiingereza changu chote ni cha shule. Najua kusema simama, keti, panga mstari, nyamaza, maliza. Hakuna mtu aliyewahi kunibembeleza kwa lugha hiyo, kwa hivyo sijui inavyobembeleza. Lenox naye hajui, na tai yake yote. Tunawakataza watoto lugha za nyumbani, halafu hii tunayowapa haina hata neno moja la kumfuta mtu machozi, au linalo na sisi hatulijui.

Kesho yake nilikiri. Anti Kaindi hakushangaa. "Mimi mama yangu hakuwa ananiuliza kwa nini sili," akasema. "Nilikuwa nikitoka shule Mwingi nimewekewa diski. Yetu ilikuwa mfupa wa ng'ombe, inanuka, ya kutukataza Kikamba. Nilivaa ule mfupa mpaka nikajifunza kunyamaza. Hiyo somo nilipita vizuri. Darasa la tano nikatoka. Sasa nikifika nyumbani nimenuna, mama haniulizi kitu. Ananiambia tu, nimekuwekea."

"Nimekuwekea."

"Eeh. Hiyo unaweza?"

Niliweza. "I kept for you." Akaiandika, akaipigia mstari mara mbili.

Kuanzia siku iliyofuata, Nisreen akifika dirishani na sahani yake ya kijani, Anti Kaindi alimwambia sentensi moja ya siku yake, taratibu, kama mtu anayemeza mwiba wa samaki. "I wake up at four." Mtoto akamtazama tu. Siku ya pili akaambiwa habari ya moto. Siku ya tatu Anti Kaindi alisahau neno la maharagwe, yeye anayelisema mara mia mbili kwa siku, akabaki ameinua mwiko huku mstari mzima ukingoja, na Nisreen akatabasamu. Kila siku alimalizia kwa ile ya kupigiwa mstari. Siku ya nne sahani ilirudi nusu. Nilionyeshwa kama cheti.

Jumatano ya wiki iliyofuata nilikuwa zamu, nimesimama kando ya mstari wa chakula. Diski ilikuwa kwa Njambi, kiranja wa gredi ya sita. Alikuwa ameivaa tangu asubuhi, na macho yake yalikuwa yanazunguka kutafuta wa kumtua. Nisreen akafika dirishani. Anti Kaindi akasema anawasha moto "at five," kwa saa zao zile za kulala. Halafu mtoto ambaye sikuwa nimesikia sauti yake kwa wiki saba akafungua mdomo.

"I wake up," akasema. "I wash my face. I miss my bibi."

Nilisisimka mwili mzima. Njambi naye alisisimka, lakini kwa sababu zake. "Bibi is Swahili!" akapaza sauti, na kabla sijapiga hatua diski ilikuwa shingoni mwa Nisreen. Simlaumu sana Njambi. Sisi ndio tuliomfundisha kusikiliza wenzake namna hiyo. Nisreen aliinamisha kichwa. Nikajua tukimwacha hapo ameenda, kwa treni au bila treni.

"Wewe!" Sauti ya Anti Kaindi ilitoka dirishani, bila kunong'ona. "Ebu lete hiyo kitu hapa!"

Mstari mzima ukageuka.

"Si nimeongea Kiswahili? Mtoto ameongea neno moja, mimi nimeongea mangapi? Sheria si ni hiyo? Leta. Niwekee."

Njambi alinitazama. Alikuwa anajua sheria kuliko mimi, na sheria haikusema popote kwamba mpishi hahesabiwi. Anti Kaindi aliinama, akapitisha kichwa dirishani, akangoja kama mtu anayevishwa nishani. Nisreen ndiye aliyeivua na kumvalisha. Kisha mwiko ukarudi kwenye maharagwe. "Next," akasema.

Sasa diski ikiwa kwa mtoto, inazunguka, kwa sababu kila mmoja anataka kumtupia mwingine. Ikiwa kwa Anti Kaindi, haiendi popote. Watoto walimwendea dirishani wakiongea Kiswahili makusudi, wengine kwa ushujaa na wengine kwa utundu, naye akawajibu, "Next." Saa kumi ilipogonga Jumatano nilifungua kitabu nikaandika jina lake. Alhamisi nikaandika. Ijumaa nikaandika, kalamu ikitoboa karatasi kidogo. Ningeweza kuacha nafasi wazi, lakini nilitaka kuona tutafanya nini.

Jumatatu, mbele ya gwaride, wiki ya likizo fupi, kazi ya kusoma majina ilikuwa yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nije shule ile hapakuwa na jina la mtoto. "Kaindi," nikasoma. Madam Rachael alininong'onezea akiuliza hiki ni kitu gani. Nikamwambia, kwa Kiingereza safi, kwamba ni sheria.

Anti Kaindi alikuja kutoka jikoni akiwa na aproni iliyopigwa pasi na diski kifuani. Alisimama pale pale Nisreen aliposimama. Mikono yake, ambayo huinua sufuria ya moto bila kitambaa, ilikuwa imeshika pindo la aproni, na niliona aibu kwamba nimemfikisha hapo.

"My name is Kaindi," akaanza. "I wake up at four." Hakuna aliyecheka. Akasema moto, akasema maharagwe, akasema watoto mia mbili na kumi, na hapo wadogo wakaanza kutazamana, maana nadhani hawakuwa wamewahi kujua kwamba wamehesabiwa. Akasema anaosha sufuria. "I eat at three. I look at the plates. One plate is full. I am sad." Ya mwisho kati ya hizo sikuwa nimemfundisha. Akautafuta mstari wa gredi ya pili kwa macho. "I kept for you," akasema. Kisha akashusha pumzi. "Haya, nimemaliza."

Kiswahili! Watoto wakacheka, lakini kicheko cha kumpenda. Madam Rachael alikuwa anafungua mdomo. Sijui kilichonipata. Pengine ni ile miaka sita.

"Asante sana, Anti Kaindi!" nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Anti Kaindi akanitazama, akaelewa kabla yangu. Akavua diski, akaja mpaka nilipo, akanivalisha, akaninyoosha kola kama mama anayempeleka mtu shule.

Msidhani sheria ilifutwa. Niliitwa ofisini, nikapewa barua ya onyo, na ninayo. Lakini siku ile niliivaa diski mchana kutwa. Saa saba nilisimama kwenye mstari wa chakula, na Nisreen alikuwa mbele yangu. Aligeuka, akaitazama.

"Mwalimu," akauliza, kwa Kiswahili chake cha Mombasa, "ni nzito?"

Kwa sheria nilipaswa kumvalisha palepale. Njambi alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Alisikia, akageuza uso, akamtazama kunguru juu ya ukuta.

"Kidogo," nikamjibu. "Songa mbele, chakula kitapoa."

Jumatano tulifunga kwa likizo fupi. Mwanasha alikuja kumchukua mwanawe, ameshika simu yenye tiketi ya treni. Mama mwenye huzuni utamjua hata kwa anavyosalimia. Tulisimama langoni, mimi, yeye na mtoto, nikawa natafuta la kumwambia, ndipo Anti Kaindi akatoka jikoni mbio, mikono ina povu. Diski tulikuwa tumeitundika kwenye msumari wa jikoni, karibu na mwiko. Madam Rachael amesema atatengenezesha nyingine, na mpaka leo bado anasema.

Anti Kaindi hakumtazama Mwanasha, wala hakunitazama mimi. Aliinama mpaka usawa wa mtoto.

"Monday," akasema. "I keep for you?"

Nisreen alimtazama mama yake, akatazama simu ile, kisha akafikiri sana, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Keep big," akasema, akaonyesha kwa mikono yote miwili jinsi sahani inavyotakiwa kujaa.